Mavazi ya Askari Apandaye Theluji ya Rwenzori

Askari aliyeko Kitswamba, jasho likimtiririka, hudhani shati la pamba lamtosha. Dhana hiyo yaweza kumwua. Magharibi yake ipo Rwenzori, ambayo kilele chake, Margherita, chafikia mita 5,109. Na barafu ingalipo huko, ijapokuwa yapungua. Wala milima hiyo si ya watalii peke yao: baada ya waasi wa ADF kushambulia Mpondwe Novemba 1996, jeshi lilipigana katika miteremko yake.

Adui wa kwanza huko ni maji. Pamba ikilowa huupokonya mwili joto. Sufu hata ikilowa hulihifadhi. Basi sufu iguse ngozi, sweta ifuate, na nje koti lisilopitisha maji. Katika matope ya Bigo, gambuti hulishinda buti la gwaride. Kwenye barafu, vaa buti gumu lililofungwa meno ya chuma, kofia ngumu, glavu na miwani myeusi, kwani mng'ao wa theluji hupofusha. Kamba na shoka la barafu visikosekane.

Zaidi ya yote, nguo za kulalia zifungwe katika mfuko wa plastiki, zisiguswe mchana hata mvua inyeshe namna gani. Askari huikausha bunduki yake kila jioni. Na aukaushe mwili wake vivyo hivyo.