Nani Alikuwa Akililima Shamba?

Henry wa Pili alipotawazwa kuwa mfalme wa Uingereza, Desemba 19, 1154, alikuwa kijana wa miaka 21 aliyekabidhiwa nchi iliyochoka. Tangu 1135 kiti cha enzi kilikuwa kimekaliwa na Stephen, huku Matilda, mama yake Henry, akidai kuwa ni haki yake. Vita vyao viliwagawa makabaila, na kila upande uliwatuza wafuasi wake kwa ardhi. Shamba lililotolewa na Stephen kwa huyu lilitolewa na Matilda kwa yule. Mwenye askari wengi aliingia, akamfukuza aliyekuwamo, akalima.

Amani iliporudi, malalamiko yalikuwa mengi. Shamba moja lilikuwa na watu wawili, na kila mmoja alikuwa na hadithi iliyoanzia kwa babu yake. Kesi ya kutafuta mwenye haki ya asili ilichukua miaka, na sheria ya wakati huo iliruhusu imalizwe kwa pambano la silaha kati ya mabingwa wa pande mbili. Mnyonge aliyefukuzwa jana hakuwa na muda huo. Msimu wa kupanda ulikuwa unampita.

Washauri wa Henry walitafuta njia fupi zaidi, na katika miaka ya baada ya 1166 njia hiyo ikapata umbo lake. Kitabu cha sheria cha karne ya 13 kinachojulikana kwa jina la Bracton kinasimulia kwamba ilibuniwa baada ya mikesha mingi. Hilo si ajabu, kwa maana walilazimika kuamua jambo gumu: kuliweka kando swali la nani mwenye ardhi, na kuuliza kwanza nani alikuwa akiikalia, na nani alimtoa bila hukumu.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Aliyenyang'anywa alikwenda katika ofisi ya waandishi wa mfalme na kununua hati, yaani kipande kidogo cha ngozi chenye mistari michache ya Kilatini na muhuri wa mfalme. Maneno yake yalikuwa yaleyale kwa kila mtu. Kilichobadilika ni majina na mahali. Hati haikuandikwa kwa mdaiwa. Iliandikwa kwa sherifu, mwakilishi wa mfalme katika kaunti, ikimwamuru achukue dhamana kwa mdai, kisha aite watu 12 huru na waaminifu wa ujirani ule.

Hao 12 walitakiwa kwanza kwenda shambani na kulitazama kwa macho yao. Siku ya kesi walisimama mbele ya majaji wa mfalme na kuulizwa swali moja: je, fulani alimtoa fulani katika ardhi yake bila haki na bila hukumu, ndani ya muda uliowekwa? Walijibu ndiyo au hapana. Wakisema ndiyo, mdai alirudishiwa shamba.

Mdaiwa alinyimwa silaha aliyoizoea, nayo ni kuchelewesha. Katika kesi nyingine za ardhi mtu aliweza kutuma udhuru mara kwa mara, leo mgonjwa, kesho yuko safarini. Hapa udhuru wake haukupokelewa. Asipofika yeye wala msimamizi wa mali yake, watu 12 walijibu hivyohivyo.

Aliyeshindwa hakufungiwa milango yote. Kama aliamini kuwa ardhi ni yake tangu enzi za babu zake, aliweza kufungua kesi nyingine, ile ndefu ya haki ya asili. Lakini alitakiwa kuifungua akiwa nje ya shamba, na mwenzake akiwa ndani analima. Hata katika kesi hiyo Henry aliwapa watu njia ya kukwepa pambano: mdaiwa aliruhusiwa kuchagua jopo la mashujaa 12 wa kaunti, yaani askari wapanda farasi wa tabaka la "knight", badala ya upanga.

Hati isingekuwa na nguvu bila majaji wa kuisikiliza. Mwaka 1176, katika mkutano wa Northampton, nchi iligawanywa katika mizunguko sita, kila mmoja ukapewa majaji watatu. Walisafiri kaunti kwa kaunti, na kila walipofika walitumia kanuni zilezile. Hapo ndipo sheria ilipoanza kuwa ya nchi nzima, badala ya mila ya kila kabaila katika baraza lake. Sherifu naye alichungwa. Mwaka 1170 Henry alichunguza mienendo ya masherifu na kuwaondoa wengi wao kazini.

Mfalme alikuwa na faida yake pia. Hati ililipiwa, na aliyeshindwa alitozwa faini. Sherifu alizikusanya na kuzitolea hesabu katika hazina ya mfalme, mbele ya meza iliyotandikwa kitambaa cha miraba, ambapo vihesabio vilisogezwa ili kila mtu aone deni lilipofikia. Matokeo yaliandikwa kwenye magombo ya ngozi, na mengi yake yapo hadi leo.

Wapo walioachwa nje. Hati ililinda ardhi ya mtu huru tu. Mkulima asiye huru, aliyefungwa kwa kazi za kabaila wake, alipotolewa shambani na kabaila huyo hakuweza kuitumia, na watu wa namna hiyo walikuwa sehemu kubwa ya wanavijiji. Haki hii ya haraka haikuwafikia waliokuwa rahisi zaidi kufukuzwa.

Hata hivyo, kipimo cha thamani yake kilionekana mwaka 1215. Makabaila walipomlazimisha Mfalme John, mwana wa Henry, kuikubali Magna Carta, walilalamikia mengi katika utawala wake, lakini hawakutaka hati hii ifutwe. Waliidai zaidi. Kifungu cha 18 kiliagiza majaji wawili wapelekwe katika kila kaunti mara nne kwa mwaka, wakae na mashujaa wanne waliochaguliwa na kaunti yenyewe, kusikiliza kesi za aina hii.

Hati ya Henry ilifutwa rasmi mwaka 1833. Haikuja Afrika Mashariki, kwa sababu sheria za Uingereza zilipokelewa Kenya kama zilivyokuwa Agosti 12, 1897, na Tanganyika kama zilivyokuwa Julai 22, 1920. Kilichokuja ni fikra yake kwamba anayeikalia ardhi analindwa dhidi ya anayemtoa kwa mabavu, na kwamba malalamiko yana muda wake. Zamani muda huo ulihesabiwa kwa safari za mfalme, kwa mfano tangu alipovuka bahari mara ya mwisho kwenda Normandy. Leo, Kenya na Tanzania, anayetaka kurudishiwa ardhi kwa njia ya mahakama ana miaka 12 ya kufungua kesi.