Shule ya Simba Kando ya Mto Tana

Ndugu mkulima, wewe unayelima mahindi Bura au Hola, au mpunga kule Garsen, huenda mtoto wako amekwisha kukuomba umpeleke Nairobi akawaone simba. Ombi lake si baya. Lakini yafaa ajue kwamba kambi ya simba iliyopata sifa kubwa duniani haikuwa Nairobi wala Mara. Ilikuwa katika Tana River hii hii yetu, upande wa juu wa mto, mahali panapoitwa Kora.

Kutoka Garsen utashika barabara ya Hola, upite Bura, hata ufike Garissa. Ukizidi kuufuata mto kwenda juu utaona nchi inabadilika. Yale mabonde ya mpunga uliyoyazoea hayapo tena. Kuna vichaka vya miiba, mikoma kando ya maji, makorongo ya mchanga, na vilima vya mawe vilivyosimama kimoja kimoja kama nyumba kubwa zisizo na milango. Hapo ndipo Kora. Eneo lake ni kilomita za mraba 1,788. Mwaka 1973 lilifanywa hifadhi, na baadaye likawa mbuga ya taifa. Ng'ambo ya mto kuna Mbuga ya Meru. Asiende mtu huko kwa kubahatisha. Kwanza apate habari za njia na za usalama kutoka ofisi ya Shirika la Wanyamapori, yaani KWS, kisha achukue maji, chakula na mafuta ya gari ya kwenda na kurudi.

Huko utaonyeshwa mahali palipokuwa na Kampi ya Simba. Mwenyewe alikuwa George Adamson, aliyekuwa Bwana Nyama wa Jimbo la Mpaka wa Kaskazini zamani za ukoloni. Mwaka 1956 alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, kisha akakuta kwamba ana watoto watatu wadogo. Wawili walipelekwa Ulaya, katika bustani ya wanyama ya Rotterdam. Wa tatu, aliyeitwa Elsa, alilelewa na Adamson na mkewe Joy, akafundishwa kuwinda, akaachwa mwituni Meru. Akazaa watoto watatu huko. Kitabu cha Joy juu ya Elsa kilitoka mwaka 1960, na sinema yake mwaka 1966.

Elsa hakuuawa na bunduki wala na simba mwenziwe. Alikufa Januari 1961 kwa ugonjwa unaoletwa na kupe, jamaa ya ule ugonjwa wa ng'ombe kukojoa damu. Wewe unayepeleka ng'ombe wako kwenye josho utaelewa upesi. Kupe hachagui mfalme.

Adamson alihamia Kora mwaka 1970, naye ndugu yake Terence akawa mkata barabara na mjenzi wa kambi. Kazi yao ilikuwa kuwachukua simba waliokulia mikononi mwa watu na kuwafundisha kuishi porini. Mmoja aliitwa Boy, naye alikuwa amecheza katika ile sinema ya Elsa. Mwingine, Christian, alizaliwa Uingereza, akauzwa dukani London, akakaa na vijana wawili mjini kabla ya kuletwa Kora. Fikiri basi: simba aliyezaliwa Ulaya analetwa Tana River kufundishwa kazi ya baba zake! Watu wengi husafiri kwenda Ulaya kutafuta elimu. Huyu alikuja kinyume.

Uzio wa Kora

Sasa tazama jinsi kambi ile ilivyojengwa, maana hapa ndipo penye jambo la mkulima. Palikuwa na uzio wa wavu wa waya, mrefu kupita kimo cha mtu. Waliolala ndani ya uzio ni watu. Simba wakubwa walikuwa nje. Adamson aliwajua simba wale kwa majina, aliwaita wakaja, walimsugua kwa vichwa vyao kama paka. Hata hivyo usiku ulipoingia lango lilifungwa. Mtu aliyewapenda simba kuliko watu wote wa zamani zake hakuacha lango wazi. Je, mbuzi wako wanalala wapi?

Tena kulikuwa na sababu. Mwaka 1971 Boy alimshambulia Stanley, mtumishi wa kambi, nje ya uzio. Adamson alimpiga Boy risasi akafa, lakini Stanley hakupona. Wataalamu wengi walisema wakati ule, na wengine wanasema hata leo, kwamba simba aliyezoea mikono ya watu ni hatari kuliko simba wa porini, kwa kuwa amepoteza woga. Mimi naona neno lao lina nguvu. Simba wa porini akisikia sauti ya mtu huondoka mara nyingi. Aliyelelewa na mtu hukaribia.

Adamson mwenyewe hakuuawa na simba. Tarehe 20 Agosti 1989 majambazi wenye bunduki walimshambulia mgeni wake. Mzee alikuwa na umri wa miaka 83, lakini alipanda gari lake akaenda kumwokoa, akauawa pamoja na watumishi wake wawili. Kaburi lake liko Kora, karibu na la Terence aliyefariki mwaka 1986.

Siku hizi mtoto wa simba, chui au duma akiokotwa, hapelekwi Kora. Wengi wao hupelekwa kwenye makao ya wanyama yatima ya KWS, kwenye lango kuu la Mbuga ya Nairobi, na hapo ndipo watoto wa shule huenda kusoma habari za wanyama. Mwalimu wa skuli yako akitaka kuwapeleka, aandike kwanza kwa KWS. Wewe nawe ukimkuta mtoto wa chui kichakani usimguse, usimpeleke nyumbani kwa huruma. Mara nyingi mama yake hayuko mbali. Piga ripoti. Kumfuga mnyama huyo bila kibali ni kosa la sheria.

Habari za Bura na Garsen

Wengi kati yenu mliingia katika skimu za umwagiliaji kutoka wilaya nyingine. Hola ilianza mwaka 1953, na walowezi wa kwanza wa Bura walifika mnamo 1981. Mtu aliyetoka nchi ya milima, ambako babu zake hawakusikia simba kwa miaka mingi, akipewa shamba hapa huleta na mbuzi wake, na desturi ya kuwafungia katika kibanda cha fito. Kibanda cha fito hakimzuii fisi, sembuse chui.

Tena kuna mathenge. Mti huu uliletwa Bura mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili upate kuni na kuzuia jangwa. Kuni tumepata. Lakini umekwisha kufunga mifereji, njia na malisho, na vichaka vyake vinafika hadi ukutani mwa nyumba. Mnyama anayewinda kwa kunyemelea, kama chui, hataki kitu kizuri kuliko hicho. Anaweza kukaa mchana kutwa hatua chache kutoka kwenye zizi, nawe usimwone. Basi anza hapo. Kata mathenge yote kuzunguka zizi na nyumba, ung'oe na visiki, maana ukikata tu utachipuka. Matawi yake yenye miiba yafaa kujengea ua, lakini kwanza ondoa maganda ya mbegu. Mbuzi akiyala, mbegu hutoka pamoja na mavi, nawe utakuwa umepanda mathenge ndani ya zizi lako mwenyewe.

Ua wa miiba ukichoka huacha mianya. Wavu wa waya, wenye nguzo imara na uliozikwa kidogo ardhini ili fisi asichimbe, hugharimu fedha nyingi, lakini majirani watatu au wanne wakiunganisha mbuzi usiku katika zizi moja wanaweza kuununua. Pale Ishaqbini, ng'ambo ya mto upande wa Garissa, jamii ilijengewa uzio wa kuzuia wanyama wakali mwaka 2012, na ndani yake wakatiwa hirola 48. Hirola ni paa adimu sana, naye asili yake ni nchi hizi zetu na mpakani mwa Somalia. Uzio umewafaa nao wamezaana. Linalomfaa hirola litamfaa mbuzi. Na yule kijana Richard Turere wa Kitengela, kabla hajafika miaka 14, alitengeneza taa za kuwaka na kuzima kuzunguka zizi la baba yake, kwa betri ya gari, balbu za tochi na kifaa cha taa za pikipiki. Simba hudhani kuna mtu anayetembea na tochi. Fundi wa redio hapo Garsen hashindwi na kazi hiyo.

Sumu, na haki yako

Kuna wanaosema: tia dawa ya wadudu katika mzoga, shida itakwisha. Shida haiishi. Desemba 2015 katika Masai Mara mzoga wa ng'ombe ulitiwa sumu. Simba wakafa, na tai waliokula mizoga wakafa pia. Sumu haijui mbwa wako wala mtoto anayeokota nyama. Kenya nzima, katika hesabu ya wanyama ya mwaka 2021, simba walikuwa 2,589 na duma 1,160. Tena kutia sumu ni kosa la kupeleka mtu jela.

Afadhali ufuate sheria. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa ajili ya mtu aliyeuawa na mnyama wa porini aliyetajwa humo, na fidia ya mifugo kwa bei ya soko. Madai hupelekwa kwa kamati ya wanyamapori ya kaunti. Nisikufiche, malipo huchelewa, na wako waliongoja miaka. Lakini soma na sharti hili, ambalo wengi hawalijui: sheria ile ilisema asilipwe mtu asiyefanya bidii ya kutosha kuulinda mfugo wake. Ndiyo kusema, yule aliyewaacha mbuzi kulala nje anaweza kunyimwa mbuzi na fidia pia. Zizi lako ni ushahidi wako.

Ukiamka ukute mbuzi ameuawa, usiuondoe mzoga, usifagie uwanja. Funika nyayo kwa karai au sufuria. Wayo wa simba na wa chui hauonyeshi kucha, kwa kuwa huzificha anapotembea. Wa fisi na wa duma huonyesha. Chui huuma koo, na mara nyingi humburura mbuzi mbali au kumpandisha mtini. Fisi hurarua tumbo na ubavu na kuvunja mifupa. Simba husingiziwa kazi nyingi za fisi, na dai lililoandikwa mnyama asiye yeye hurudishwa. Piga picha kwa simu, mwite chifu au mzee wa kijiji aone kwa macho yake, kisha upeleke habari KWS siku hiyo hiyo kabla mvua haijafuta nyayo.