Udongo Mweupe wa Kariandusi na Dakika 35 za Somo

Msafiri wa barabara ya Nairobi kwenda Nakuru anaijua Kikopey kwa nyama choma. Mwalimu wa eneo hilo ana sababu nyingine ya kujivunia. Upande wa Gilgil, juu ya Ziwa Elementaita, pako Kariandusi, mahali ambapo Louis Leakey alianza kufukua mashoka ya mawe mwishoni mwa miaka ya 1920. Mashoka hayo yana umri wa takriban miaka milioni moja. Jirani yake kuna machimbo ya udongo mweupe uitwao diatomaiti, na kipande kimoja cha udongo huo kinatosha kuendesha kipindi kizima cha dakika 35.

Maandalio mengi ya somo yana kila kipengele kinachodaiwa na mtaala wa umilisi: mada, mada ndogo, matokeo maalumu yanayotarajiwa, swali dadisi, nyenzo, tathmini. Hata hivyo, ukiyasoma huoni popote mwanafunzi atakapofikiri. "Kufikia mwisho wa somo, mwanafunzi aweze kueleza umuhimu wa Kariandusi." Aeleze nini hasa? Mwalimu atajuaje kwamba ameelewa, hakukariri tu yaliyo ubaoni? Andalio la namna hii limeandikwa kwa ajili ya afisa wa elimu. Darasa halimo.

Napendekeza andalio lianze kuandikwa kutoka chini. Kwanza amua sentensi ambayo kila mwanafunzi ataweza kuiandika peke yake, daftari la maelezo likiwa limefungwa, katika dakika tano za mwisho. Kwa somo letu iwe hii: "Mahali hapa paliwahi kufunikwa na ziwa, na ushahidi wangu ni..." Hapo swali dadisi linakuja lenyewe: udongo huu mweupe ulitoka wapi, na mbona uko makumi ya mita juu ya maji ya leo?

Kisha njoo kwenye sehemu ambayo walimu wengi huiruka, nayo ndiyo yenye uzito kuliko zote: andika majibu yasiyo sahihi utakayopewa. Watoto wa Bonde la Ufa wamezaliwa kati ya volkano, kwa hiyo wengine watasema ni jivu. Wengine watasema ni chokaa, maana ukiupitishia kidole unaacha unga mweupe. Yote mawili ni majibu ya mtu anayefikiri, na ukiyakataa kwa "hapana, mwingine?" umelifunga somo. Afadhali uwe na siki na ganda la yai mezani. Tone la siki kwenye ganda hutoa mapovu, kwa sababu ganda limeundwa kwa madini yaleyale ya jiwe la chokaa. Kwenye diatomaiti safi hakuna povu. Basi chokaa imeondoka, ila jivu bado lipo, kwani nalo halitoi povu! Waache wahangaike nalo kidogo. Ndipo uwaonyeshe picha ya udongo huo uliokuzwa kwa hadubini, hata kama ni kwenye simu yako: vijumba vya silika vyenye vitundu vilivyojipanga kwa mpangilio, mabaki ya mwani mdogo mno ulioishi majini. Volkano haitengenezi vijumba vya aina hiyo.

Walimu wa Japani wana desturi ya kuandika katika andalio majibu wanayoyatarajia kutoka kwa wanafunzi, pamoja na jinsi watakavyoyapokea. Fikra za Kijapani kuhusu ufundishaji si ngeni kwetu. Walimu wengi wa hisabati na sayansi wa sekondari walikutana nazo katika mafunzo ya SMASSE, mradi ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano wa Kenya na Japani. Inasikitisha kwamba kipengele hiki hakina nafasi katika fomu nyingi tunazozijaza.

Jambo jingine dogo: ukishauliza, nyamaza. Mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani aligundua kwamba walimu husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kurudia swali au kumtaja mwingine, na kwamba wakisubiri sekunde tatu majibu huwa marefu na yenye hoja zaidi.

Najua hoja ya vifaa itatolewa. Peter Tabichi alipotuzwa Global Teacher Prize mwaka 2019, alikuwa akifundisha hisabati na fizikia Keriko, Njoro, katika kaunti hiihii ya Nakuru, shule iliyokuwa na kompyuta moja. Siki, ganda la yai na udongo wa machimboni havihitaji hata hiyo moja. Tahadhari mbili tu: udongo usipondwe darasani, kwa sababu vumbi lake lina madhara kwa mapafu, na shoka la mawe lisiokotwe, kwani mabaki ya kale yanalindwa na Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006. Wapeleke watoto wakaliangalie palepale.

Nanyi walimu wakuu, kabla ya kugonga muhuri kwenye andalio wiki ijayo, muulizeni mwalimu swali moja: wanafunzi wako watakosea wapi, na umejiandaa kuwajibu vipi? Asipokuwa na jibu, mrudishieni karatasi yake kwa upole, mkae pamoja mlitafute.