Mpimenta: Mti Mwema Kwao, Gugu Ugenini

Katika lugha yetu neno gugu halitaji ukoo wa mmea. Lataja mahali ulipoota. Hata mchicha, ingawa ni mboga, ukijiotea katikati ya mpunga hung'olewa pamoja na majani. Twataka kuonyesha maana hiyo kwa habari za mti mmoja wa viungo, kwa sababu walimu na makasisi wengi ni wapandaji wa miti, na mbegu ngeni hufika mikononi mwao kwa urahisi.

Mti huo kwa Kilatini huitwa Pimenta dioica. Hapa tutauita mpimenta. Asili yake ni Jamaika, Kuba, kusini ya Meksiko na nchi za Amerika ya Kati. Wahispania waliupa jina litokalo katika neno lao la pilipili, kwa kuwa tunda lake likikauka lafanana na pilipili manga. Waingereza wakauita kwa neno lenye maana ya viungo vyote, kwa sababu harufu yake yakumbusha karafuu, mdalasini na kungumanga pamoja. Wala si ajabu: mpimenta ni wa jamaa moja na mkarafuu, mpera na mzambarau, na mafuta yake yana kitu kile kile kinachoipa karafuu ukali wake. Matunda huchumwa yangali mabichi, yakaanikwa juani. Yakiachwa kuiva huwa ya zambarau iliyokoza, nayo harufu hupungua. Lakini hapo ndipo ndege huyapenda.

Wakulima wa Jamaika wa zamani hawakuwa na desturi ya kupanda mbegu zake. Waliwaachia ndege kazi hiyo. Kisha, miche ilipotokea, walikata vichaka vingine na kuibakiza mipimenta. Hata ikadhaniwa kwamba mbegu haioti isipopita tumboni mwa ndege, na kwamba mti huu hautakubali nchi nyingine. Siku hizi yajulikana kuwa mbegu mbichi, iliyotolewa katika nyama ya tunda, huota bila ndege. Ila ikikauka hufa upesi.

Basi kazi ile ile ya ndege, iliyokuwa faida Jamaika, penginepo ni hasara. Katika visiwa vya Hawaii, mpimenta uliopandwa na watu umekwisha kujiotea wenyewe Kauai na Maui. Na katika visiwa vya Tonga pia ndege huutawanya. Ndege hajui mpaka wa bustani. Tena visiwa hivyo vya mbali vina mimea mingi isiyopatikana mahali pengine popote duniani. Mti usiopukutisha majani, wenye kivuli kizito, ukiingia katika msitu wa namna hiyo, miche ya asili hukosa mwanga na nafasi. Mmea ukipotea kisiwani ulikozaliwa, hakuna pa kwenda kuutafuta.

Jina dioica latoka katika Kiyunani, nalo lataka kusema nyumba mbili: kama mipapai, mingine ni ya kiume na mingine ya kike. Kwa hiyo mti mmoja uliopandwa peke yake waweza kukaa miaka mingi bila kuzaa sana, watu wakasema, "Huu ni mpole." Siku upatapo mwenzake, upole ule hukoma.

Mtu akiuliza kama mti wa kiungo waweza kweli kuteka kisiwa, jibu limo katika bahari yetu wenyewe. Mwaka 1772 bustani ya viungo ilianzishwa Anse Royale, katika kisiwa cha Mahé, Shelisheli, na mdalasini ukapandwa humo. Mwaka 1780 bustani ilichomwa moto, kwa hofu kwamba meli iliyokuwa ikija ni ya adui. Lakini ndege walikuwa wakila matunda ya mdalasini, nao wakaupeleka milimani. Leo mdalasini ndio uliojaa katika misitu ya Mahé. Kuukata wote kwa mara moja ni vigumu, kwa maana ndege wa asili nao wamezoea matunda yake.

Lakini si kila mti mgeni ni adui. Mkarafuu nao ni mgeni Unguja na Pemba, ulifika katika karne ya 19. Tukumbuke kwamba karafuu huchumwa zikiwa matumba, hata matunda machache tu huiva. Mkono wa mchumaji ni mlinzi. Mpimenta nao ukichumwa mapema, ndege hupata kidogo. Ule uliopandwa kwa pambo, usiochumwa na mtu, ndio unaowalisha kila mwaka.

Kwa hiyo, apewaye mbegu ya mti mgeni, hasa akikaa kisiwani au kando ya msitu wa asili, na aulize mambo matatu. Je, matunda yake huliwa na ndege? Je, miche yake huota kivulini pasipo kupandwa? Je, yuko mtu wa kuyachuma matunda kabla hayajaiva? Na aliyekwisha kuupanda, atazame chini ya miti mingine ya jirani kila baada ya mvua, ang'oe miche ingali ya kushikika kwa vidole viwili. Wazee walisema: udongo uwahi ungali maji.