Saturn: Gari lililokabidhiwa kwa makofi, likazikwa kimyakimya

Na Mwandishi Wetu, Marekani

Kaa kwenye maegesho ya duka kubwa la vyakula hapa Marekani, uwe na subira kidogo, na mapema au baadaye utaliona. Gari dogo la milango minne, boneti na paa vimeanza kushika kutu, lakini milango yake imenyooka kama siku lilipotoka kiwandani. Nyuma limeandikwa Saturn. Vijana waliofika juzi hawalijui. Sisi tuliofika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanafunzi na wabeba maboksi, tunalikumbuka vizuri, kwa sababu kwa wengi wetu ndilo lilikuwa gari la kwanza tuliloweza kulinunua kwa fedha taslimu.

Kwa msomaji wa nyumbani jina hili huenda ni geni. Saturn usukani wake uko kushoto, na barabara zetu za Tanzania, Kenya na Uganda ni za usukani wa kulia, kwa hiyo hata ndugu waliokuwa wakipakia magari kwenye makontena walilipita bila kuligusa. Yalitengenezwa machache ya usukani wa kulia, kwa ajili ya soko la Japani ambako kampuni iliingia mwaka 1997 na kukaa miaka michache tu, na kwa ajili ya wapeleka barua wa vijijini hapa Marekani, ambao huhitaji kufikia masanduku ya barua yaliyo pembeni mwa barabara.

Wiki hii tunalizungumzia gari hilo. Si kwa sababu lilikuwa zuri kuliko mengine; halikuwa. Ni kwa sababu ni mara chache kampuni kubwa ya Marekani imewahi kumpa mnunuzi na mfanyakazi ahadi nzito kiasi kile, ikaitimiza kwa miaka michache, kisha ikaiacha ife. Waliobaki na gharama ni wale walioiamini.

WAZO LA KUWASHINDA WAJAPANI

Baada ya bei ya mafuta kupanda vibaya katika miaka ya 1970, Wamarekani walianza kununua magari madogo ya Kijapani kwa wingi. General Motors (GM), kampuni iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani katika biashara hiyo, ilikuwa haijui kutengeneza gari dogo zuri na kupata faida. Mwaka 1982 wahandisi wake walianza kuchora mpango mpya kabisa. Novemba 1983 mwenyekiti wa GM, Roger Smith, aliutangaza kwa umma, na Januari 1985 ikaanzishwa kampuni kamili ndani ya kampuni, ikaitwa Saturn Corporation.

Jina hilo ni la sayari ambayo sisi Waswahili tunaiita Zohali, ile yenye pete, na nembo ya gari ilichorwa kwa mfano wake. Lakini waliolichagua walikuwa wanafikiria zaidi roketi ya Saturn iliyowapeleka Wamarekani mwezini. Kama walivyowashinda Warusi angani, ndivyo walivyotarajia kuwashinda Wajapani barabarani.

Magavana wa majimbo mengi walimiminika kukibembeleza kiwanda kije kwao. Mwaka 1985 bahati iliangukia Spring Hill, mji mdogo wa mashamba kusini mwa Nashville, katika jimbo la Tennessee.

Kilichowashangaza watu zaidi ni mkataba na chama cha wafanyakazi wa magari, UAW. Kwa kawaida mikataba ya chama hicho ilikuwa minene kama msahafu, na kila kazi ilikuwa na mpaka wake. Mkataba wa Saturn ulikuwa na kurasa chache tu. Wafanyakazi waligawanywa katika vikundi vilivyojipangia kazi vyenyewe na hata kushiriki kuchagua wenzao wapya. Chama kilikaa meza moja na uongozi kuamua mambo makubwa. Kwa upande wao, wafanyakazi walikubali sehemu ya mshahara itegemee ubora na malengo ya uzalishaji. Wengi wao walitoka viwanda vingine vya GM, wakauza nyumba zao na kuhamisha familia zao kwenda Tennessee. Walikuwa wameweka maisha yao rehani kwa wazo hilo.

Gari la kwanza lilitoka mstarini tarehe 30 Julai 1990, likiendeshwa na Roger Smith mwenyewe akiwa pamoja na rais wa UAW, Owen Bieber. Kesho yake Smith alistaafu. Ukweli huo tuukumbuke, kwa sababu tangu siku ile mtoto huyu alibaki bila baba.

BEI MOJA, NA MAKOFI

Mauzo yalianza Oktoba 1990. Magari yenyewe yalikuwa ya kawaida: injini ya lita 1.9 yenye silinda nne, bodi ya milango minne (SL) na ya milango miwili (SC), na baadaye stesheni wagoni (SW). Kilichokuwa tofauti kilionekana kwa macho. Milango, madigadi na bampa vilikuwa vya plastiki ngumu iliyofungwa juu ya fremu ya chuma. Paa, boneti na buti ndivyo vilikuwa chuma.

Kilichokuwa tofauti zaidi ni namna ya kuuza. Yeyote aliyewahi kununua gari hapa Marekani anaijua adha ya muuzaji anayekwenda "kumuuliza bosi" mara tano huku wewe umekaa unasubiri. Saturn walifuta mchezo huo. Bei iliyoandikwa ndiyo bei, kwa profesa na kwa mfagizi, kwa mzungu na kwa mgeni asiyejua Kiingereza cha kupatana bei. Siku ya kukabidhiwa funguo, wafanyakazi wa duka walikusanyika kumzunguka mteja, wakampigia makofi na kumpiga picha na gari lake.

Mtu anaweza kucheka na kusema hayo ni mapambo tu. Lakini mwaka 1991, ilipogundulika kuwa maji ya rejeta ya kiwango kibaya yalikuwa yanakula injini, Saturn haikutengeneza magari yaliyoathirika. Iliwapa wateja zaidi ya 1,800 magari mapya. Mwaka 1993 iliyaita magari takribani 350,000 kwa hitilafu ya nyaya iliyoweza kuleta moto, na baadhi ya maduka yakageuza siku ya matengenezo kuwa karamu ya nyama choma. Mwaka huohuo kampuni ikapata faida ya uendeshaji kwa mara ya kwanza.

Juni 1994 wenye magari walialikwa Spring Hill kukitembelea kiwanda. Walikuja makumi ya maelfu, wengine wakiendesha siku kadhaa na watoto nyuma, kwenda kuwapa mikono watu waliofunga boliti za magari yao. Mwaka huo yaliuzwa zaidi ya magari 286,000. Hapo ndipo kilikuwa kilele.

WENYE NALO WANASEMAJE

Mwandishi wa makala haya alikuwa na SL2 ya mwaka 1996, iliyonunuliwa mkononi kwa mtu. Mengi yanayosemwa na wenye magari haya naweza kuyathibitisha.

La kwanza ni ile milango. Toroli la dukani likikugonga, plastiki inabonyea na kurudi ilivyokuwa. Katika majimbo ya baridi, ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha theluji na kula magari ya watu kama mchwa, milango ya Saturn haikujua kutu. La pili ni mafuta. Gari lilikuwa jepesi, na kwa mtu mwenye kazi mbili katika miji miwili hilo lilikuwa jambo kubwa. La tatu, injini ilitumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, hivyo hukuwa na gharama ile ya kubadilisha mkanda kila baada ya maili kadhaa.

Lawama nazo zipo, na tusizifiche. Injini ilikuwa na kelele kama cherehani ukikanyaga mafuta. Ndani plastiki zilikuwa za bei rahisi, na ulikaa chini utadhani uko mkekani. Mianya kati ya paneli za bodi ilikuwa mipana, kwa sababu plastiki hutanuka juani na lazima iachiwe nafasi. Ugonjwa wake maarufu kuliko yote ni kula oili. Injini hizo za lita 1.9 zikizeeka huunguza oili bila kudondosha hata tone chini, na ambaye hapimi anakuja kushtuka injini imekwisha.

MTOTO WA KAMBO

Sasa tujiulize, gari linalopendwa hivi lilikufaje?

Jibu fupi ni kwamba lilinyimwa chakula. Ndani ya GM kulikuwa na ndugu wengine: Chevrolet, Pontiac, Oldsmobile, Buick. Wote waliona mabilioni ya dola yamekwenda kwa mdogo wao na wakataka zamu yao. Katika chama cha wafanyakazi pia kulikuwa na viongozi walioiona ile ndoa ya Spring Hill kama usaliti. Matokeo yake, kwa takribani miaka tisa Saturn ilikuwa na gari moja tu la kuuza, lile lile la S na injini ile ile, huku Honda na Toyota wakileta mapya kila baada ya miaka michache. Mteja aliyeoa na kupata watoto alirudi dukani kutafuta gari kubwa zaidi, akakuta hakuna. Akaondoka.

Gari kubwa zaidi, L, lilipokuja kwa mwaka wa 2000, lilijengwa juu ya Opel ya Ujerumani na halikutengenezwa Spring Hill bali Delaware. Zikafuata Vue na Ion. Mwishoni mwa 2003 wafanyakazi wa Spring Hill wenyewe walipiga kura kurudi kwenye mkataba wa kawaida wa UAW. Mwaka 2007 magari ya Saturn yakaacha kutengenezwa pale. Cha kusikitisha ni kwamba mwaka huohuo Saturn Aura ilitangazwa kuwa Gari la Mwaka la Amerika Kaskazini. Dawa ilifika mgonjwa akiwa mahututi.

GM ilifilisika Juni 2009. Kwa miezi michache ilionekana Saturn imepata mwokozi, mfanyabiashara Roger Penske, aliyekubali kuinunua. Lakini alihitaji kiwanda cha kumtengenezea magari baada ya GM, na mazungumzo na mtengenezaji mwingine yalipovunjika, tarehe 30 Septemba 2009 alijitoa. Wiki moja baadaye uzalishaji ulisimama. Maduka takribani 350 yalifungwa kufikia mwisho wa Oktoba 2010. Hakukuwa na makofi.

DENI LA ION

Lipo jambo moja ambalo wapenzi wa Saturn huwa hawapendi kulizungumza. Mwaka 2014 GM iliyaita mamilioni ya magari, yakiwemo Saturn Ion na Sky, kwa sababu swichi ya kuwashia iliweza kuteleza na kuzima injini gari likiwa kwenye mwendo. Injini ikizimika hivyo, mifuko ya hewa haifunguki katika ajali. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124 katika magari ya aina zote zilizohusika, na mwaka 2015 GM ilikubali kulipa serikali dola milioni 900. Nyaraka zilizofika Bunge la Marekani zilionyesha kuwa dalili za tatizo hilo zilionekana tangu 2001, wakati Ion ikiwa bado inaundwa.

Linganisha na 1991. Wakati ule kosa lilipoonekana, mteja alipewa gari jipya. Safari hii watu walikaa na kosa zaidi ya miaka 10, na wateja waliendelea kuendesha. Ukiniuliza Saturn ilikufa lini, nitakuambia haikufa 2010. Ilikufa siku ile watu waliolijua kosa walipoona afadhali kunyamaza.

UKIKUTANA NALO LEO

Kwa ndugu wageni wanaotafuta gari la bei nafuu: Saturn bado yapo na bado yanatembea. Likiwa la S, vuta kijiti cha oili kabla ya kuzungumza bei, kisha weka mazoea ya kukivuta kila unapojaza mafuta. Likiwa Ion, chukua namba ya chesisi ukaiangalie kwenye tovuti ya serikali ya usalama barabarani kama swichi ilibadilishwa. Bila hivyo usilichukue hata la bure. Vue za awali na baadhi ya Ion zilizofungwa giaboksi ya aina ya VTi ziache. Vue ya silinda sita ya 2004 hadi 2007 ina injini ya Honda, nayo ni nzuri, ila hiyo inataka mkanda wa taimingi ubadilishwe kwa wakati. Aura na Outlook zina ndugu zao katika Chevrolet na GMC, hivyo vipuri si shida. Paneli za plastiki za magari ya zamani utazitafuta kwenye makaburi ya magari.

Spring Hill yenyewe haikufa. Kiwanda kinatengeneza magari mengine ya GM, yakiwemo ya umeme ya Cadillac, na mji uliokuwa wa mashamba sasa una watu zaidi ya 50,000.

SL2 yangu nilimuuzia kijana mmoja aliyetoka Mwanza, wiki ya tatu tangu afike. Bei niliyomtajia ilikuwa moja, hatukupatana. Nilimwambia habari ya oili, nikamwonyesha kijiti kilipo. Akasema, "Asante kaka, wengine wasingeniambia."