Kufufua Mashine ya Disketi

Disketi ya inchi 3.5 ni kisahani chembamba cha sumaku ndani ya ganda la plastiki, nayo huchukua megabaiti 1.44 tu. Hapa Somanda tunazo chache zenye alama za wanafunzi wa zamani, lakini mashine ya kuzisomea ilikwama.

Kisahani huzunguka mara 300 kwa dakika, na kichwa cha kusomea husogezwa na parafujo ndefu. Cha kwetu hakikusogea kamwe: grisi ilikuwa imeganda kama nta! Nilizima umeme, nikaifuta parafujo kwa spiriti, nikapaka grisi mpya kidogo sana, kwani ikizidi hunasa vumbi (nasi vumbi tunalo). Kisha nilijaribu kwanza disketi tupu, maana kichwa kichafu hukwaruza. Disketi mbili zimesomeka; ya tatu bado inakataa.