Kukosea kwa Makusudi

Katika mbio za ramani na dira, yaani orientiringi, mkimbiaji haonyeshwi njia. Anapewa ramani yenye vituo vilivyopangwa kwa namba, kisha achague mwenyewe apite wapi. Kila kituo kina bendera ya rangi ya chungwa na nyeupe. Tuseme kinachofuata kiko kwenye kidaraja cha kijito, mita 500 mbele, na kati yake na mkimbiaji ni miti mitupu. Mkimbiaji mzoefu hupima uelekeo wa kidaraja, halafu hulenga pembeni, kushoto kidogo. Amekosea kwa makusudi.

Chanzo cha mbinu hiyo ni udhaifu wetu sote. Mwaka 2009 Jan Souman na wenzake wa Taasisi ya Max Planck huko Tübingen, Ujerumani, walichapisha utafiti juu ya watu walioambiwa watembee moja kwa moja msituni na jangwani. Jua lilipoonekana, walinyoosha. Lilipofunikwa na mawingu, wa msituni walizunguka, wakakatiza njia waliyopita bila kujua. Waliofungwa vitambaa machoni walifikia kuchora duara lenye upana wa mita 20. Wengi hudhani chanzo ni mguu mmoja kuuzidi mwingine urefu. Sivyo: mtu yuleyule alipinda mara kulia, mara kushoto. Ni makosa madogo ya ubongo katika kukadiria mbele ni wapi, yanayojilimbikiza hatua kwa hatua.

Dira huzuia mlimbikizo huo. Ile ya wanamichezo, iliyobuniwa Sweden miaka ya 1930, ni bamba angavu lenye kisahani cha sindano kinachozunguka. Ukingo wa bamba unaunganisha ulipo na uendako kwenye ramani. Unazungusha kisahani mpaka mistari yake ilingane na mistari ya kaskazini ya ramani. Kisha unageuka mwili mzima, dira ikiwa kifuani, hadi sindano ikae kwenye alama yake.

Lakini mkono wa anayekimbia hutikisika. Ukipotoka nyuzi 4 tu, baada ya mita 500 uko mita 35 kando. Kama ulikilenga kidaraja chenyewe, ukafika kijitoni usikione, utafuata upande upi? Aliyelenga nyuzi 8 kushoto hana swali hilo. Anageuka kulia, anafuata maji.

Anayetaka kujaribu Kenya au Tanzania aangalie kwanza dira yake. Kaskazini mwa dunia, kama Ulaya, nguvu ya sumaku ya dunia huvuta chini ncha ya kaskazini ya sindano, hivyo watengenezaji huongeza uzito upande wa kusini. Kwetu, kusini mwa ikweta ya sumaku (mstari ambapo sindano haivutwi chini upande wowote), kinachovutwa chini ni upande huohuo wa kusini. Sindano ya Ulaya inaweza kuinama, ikagusa kisahani na kukwama. Kukwama huko hakutabiriki: kunaweza kukupotosha hata zaidi ya zile nyuzi 8 ulizolenga pembeni. Mbinu ya kulenga pembeni haiwezi kutibu kosa la namna hiyo. Itakubidi ununue dira iliyosawazishwa kwa ukanda wetu.